Mjue MCA Wako Kabla Hujamhitaji



Panda matatu yoyote hapa Kenya, ubavuni utaona jina la sacco. Ukisikia sacco unadhani ni mali ya wanaofanya kazi ndani yake. Sasa muulize makanga ana hisa ngapi. Mara nyingi hana hata moja. Wanachama ni wenye magari. Dereva na makanga wanalipwa siku kwa siku, na gari likikosa kutoka, siku hiyo hawana chao.

Kwa hivyo jina la ushirika peke yake halitoshi. Tunachotaka ni biashara ambayo wanaofanya kazi ndio wenye hisa, ndio wanaochagua viongozi, na faida ni yao. Inaweza kuwa ya washonaji, mafundi wa kuchomelea, wanaosafisha hosteli au vijana wa boda. Sheria ya Vyama vya Ushirika inataka watu kumi tu, waliofika miaka 18. Kumi unao tayari kwenye group yako ya WhatsApp.

Eldoret inajua hasara ya kuwa mwajiriwa tu. Rivatex ilianza mwaka 1976, ikaanguka, na mwaka 2007 ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi. Wenye kiwanda walibadilika. Waliosimama kwenye mashine walibaki waajiriwa, ama wakabaki bila kazi.

Utauliza, wanasiasa wanaingia wapi? Soma Katiba, Jedwali la Nne. Vyama vya ushirika vimewekwa chini ya kaunti. Maana yake ni kwamba pesa, mafunzo na maafisa wa ushirika wanapitia Bunge la Kaunti ya Uasin Gishu, na mwakilishi wa wadi ya Kimumu ana kiti pale. Sheria za kodi na za kampuni ziko Nairobi, kwa mbunge wa Moiben na wenzake. Hao wawili ni watu wa kujuana nao, sio watu wa kungoja kwenye harambee.

Kujuana kunafanya kazi. Marekani, wakili Louis Kelso aliwasaidia wafanyakazi wa kampuni moja ya magazeti kuinunua mwaka 1956. Miaka ikapita bila sheria ya kumsaidia. Mwaka 1973 akaketi kwa chakula cha jioni na seneta Russell Long, mwenyekiti wa kamati ya fedha, akamweleza mpango wote. Mwaka 1974 mpango huo ukaingia kwenye sheria, na Long akaendelea kuupigania kwa miaka mingi. Kelso alienda na wazo lililokamilika na mfano uliokuwa tayari unafanya kazi. Hakwenda kuomba nauli.

Basi na sisi tufanye hivi. Kwanza, anzeni kazi yenu, hata kama ni ndogo. Mheshimiwa akija aone mashine, vitabu vya hesabu na watu. Pili, nendeni na ombi moja tu, linaloeleweka. Mfano: zabuni ndogo za kaunti za kushona sare zitengewe vyama vya wafanyakazi. Ama mkopo wa ushirika usio na riba, kwa sababu vijana wetu wengi wanakaa nje ya mikopo kama Hustler Fund, yenye riba ya asilimia 8 kwa mwaka, si kwa kukosa bidii bali kwa kuchunga dini yao. Ombi hilo halimdhuru mtu yeyote asiye Mwislamu, na wako watakaolifurahia.

Tatu, angalieni kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ukienda Mei, umechelewa. Nne, rudini. Akisaidia, mshukuruni hadharani. Akinyamaza, mkumbusheni kwa adabu. Akikataa kabisa, Sheria ya Serikali za Kaunti, kifungu cha 15, inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi rasmi kwenye bunge hilo.

Jambo moja la kuchunga. Uhusiano sio utumwa. Mwanasiasa akiwapa shilingi elfu mbili na fulana, amewanunua kwa bei ya chini sana. Msipokee. Na msimpe chama chenu kiwe cha kampeni yake, maana Agosti 2027 anaweza kushindwa, na nyinyi bado mtakuwa na kazi ya kufanya asubuhi inayofuata.

Wiki hii tafuta ofisi ya MCA iko wapi, siku gani anaonana na watu, na nani anaandika majina mlangoni. Kisha tag wale tisa wenzako hapa chini.