Pawa-so isiyo na breki isimamishwe

Majani chai ya Boito, nchini Kenya, hukaushwa kwa mvuke, na mvuke huo hutokana na kuni. Kuni ni mikaratusi inayoangushwa kwa pawa-so, mara nyingi na vijana wa kibarua waliovaa gambuti na fulana tu. Msimamo wetu ni huu: pawa-so yenye breki mbovu isikate hata tawi, na mnunuzi wa kuni zake abebe lawama pamoja na mwenye mashine.

Hatari yenyewe si siri. Sehemu ya juu ya ncha ya bapa linalobeba cheni ikigusa gogo, mashine huruka kuelekea uso na shingo ya aliyeishika kabla hajawahi kukwepa. Ndiyo maana watengenezaji walianza kuweka breki ya cheni miaka ya 1970. Kinga iliyo mbele ya mkono ikisukumwa, ukanda wa chuma hubana ngoma ya klachi na cheni hukwama papo hapo. Lakini ukanda huo huisha. Unga wa mbao uliolowa oili hugandamana chini ya kifuniko, springi hulegea, na wapo wanaoing'oa kinga kabisa, eti inawazuia wanapopasua mbao. Kazi hiyohiyo ya kupasua ndiyo inayoizamisha ncha ndani ya gogo tena na tena!

Kuijaribu breki hakumalizi dakika moja. Mashine inawashwa ikiwa chini, imeshikwa imara, breki imefungwa, kisha kichapuzi kinabanwa kwa sekunde moja tu. Cheni ikitambaa, mashine iende kwa fundi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamlinda kila anayefanya kazi mahali pa mwajiri. Kumwita kijana kontrakta ni kuukimbia wajibu huo wa kumlinda. Wakaguzi wa serikali wana mamlaka ya kuzuia mashine hatari isitumike. Waingie kwenye mashamba ya miti, wasingoje maiti.

Viwanda hupokea kuni kwa mita za ujazo. Visipokee hata mita moja kutoka kwa mtu ambaye mashine zake hazijakaguliwa, na sharti hilo liandikwe kwenye mkataba. Wakurugenzi wa viwanda vya wakulima wadogo huchaguliwa na wakulima wenyewe. Katika mkutano mkuu ujao wa mwaka, kabla ya hesabu za bonasi, waulizwe ni nani anayekagua breki za wanaowakatia kuni.