Mandhari ya Mara bila twiga

Picha ya machweo, mgunga mmoja na twiga wawili huuzwa Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar kwa jina la Serengeti, hata kama aliyeichora hajawahi kufika Mugumu, mji mkuu wa wilaya ya Serengeti. Simlaumu, soko ndilo lililomfundisha. Ila kijana wa wilaya ya Tarime au ya Serengeti, mkoani Mara, anayepewa picha hiyo ainakili anafundishwa kuitazama wilaya yake kwa macho ya mgeni. Humo hamna vifusi vya machimbo ya dhahabu ya Nyamongo, hamna mashamba yaliyopanda vilima vya Tarime, wala mpaka wa Hifadhi ya Serengeti unaotenganisha malisho ya ng'ombe na ya nyumbu. Ni afadhali aanze na mandhari dhahania: aache umbo la kitu, ashughulike na matabaka, rangi na ukwaru wa ardhi, tena kwa vitu vya hapo hapo. Udongo mwekundu uliochekechwa na kukorogwa na gundi ya mbao, mkaa, majivu, bati lenye kutu. Gunia likibandikwa ubaoni kisha likapakwa udongo huo, nyuzi zake hujitokeza kama matuta ya shamba bila mstari kuchorwa. (Udongo wa marudio, yaani mabaki ya uchenjuaji, ya wachimbaji wadogo usiguswe, wengi wao hukamatia dhahabu kwa zebaki.)

Wapo watakaosema huo ni mtindo wa Wazungu. Lakini katika miamba ya Moru, ndani ya hifadhi yenyewe, Wamaasai walichora ngao kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Mchoraji Edward Tingatinga naye, mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia vipande vya ubao wa ujenzi na rangi ya baiskeli kwa sababu ndivyo vilivyopatikana; warithi wake wengi wameshika wanyama wake, wakaiacha akili yake. Swali gumu ni la mnunuzi. Ni kweli, mtalii atamtaka simba, na kijana anahitaji kula. Lakini kwenye soko la simba anashindana na wachoraji wa Dar es Salaam waliomtangulia kwa miaka mingi, nao wakishindana kwa kushusha bei. Msanii El Anatsui wa Ghana amefika makumbusho makubwa ya dunia kwa vizibo vya chupa. Mfano mmoja hauahidi riziki, ila unaonyesha kwamba mlango upo. Na anayedhani udhahania ni kichaka cha wasiojua kuchora ana kipimo rahisi: mkazi wa Mugumu aitazame picha, aseme kama ni kiangazi au masika.