Chumba Kimoja ni cha Nyumba

Ukikaa kimbwetani jioni utasikia mipango mingi, lakini huu haukosekani: "Nikipata kazi tu, najenga vyumba vya kupangisha, nakaa nakula kodi." Mimi nilikuwa wa kwanza kusema hivyo, na ushahidi nilikuwa nao nyumbani.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu. Kwa kiinua mgongo chake alijenga vyumba sita kule Mbagala, kila kimoja 50,000 kwa mwezi. Daftari nilishika mimi, kwa kuwa ndiye msomi wa hesabu za biashara. Nikazidisha vyumba sita kwa 50,000 kwa miezi 12, nikapata 3,600,000, na pembeni nikaandika: faida. Neno hilo limenigharimu mwaka mzima.

Mwaka juzi, Januari, wapangaji walilipa miezi sita kwa mkupuo kama ilivyo kawaida ya mjini. Mama akawa na 1,800,000 mkononi. Awamu ya kwanza ya ada yangu, mahitaji ya shule ya mdogo wangu, mchango wa harusi ya binamu, madeni ya dukani. Kufika Machi hatuna kitu. Aprili, mvua za masika zikiwa zimekolea, shimo la choo likatitia. Fundi akataja 1,900,000. Wapangaji wawili wakadai kodi iliyobaki, wakahama, na haki walikuwa nayo. Mama akaangukia mikopo ya kausha damu. Awamu ya pili ya ada yangu ikaenda shimoni kweli kweli, nami nikaahirisha masomo. Ndiyo maana leo niko mwaka wa pili wakati niliongia nao wanajiandaa kuvaa majoho.

Methali ya ufa na ukuta tunaijua sote tangu shule ya msingi. Lakini haituambii saruji ya kuziba huo ufa inatoka mfuko gani. Hapo ndipo wengi tunapokwama.

Niliporudi nyumbani nilianza daftari upya. Safari hii nilizunguka nyumba na fundi, tukaandika kila kitu kinachochakaa, bei ya kukibadilisha na miaka kinayoweza kudumu. Pampu ya maji 360,000, tukaipa miaka mitano: hiyo ni 72,000 kwa mwaka. Bati na mbao za paa 2,400,000, miaka 20: 120,000. Rangi ya vyumba vyote 480,000 kila miaka minne: 120,000. Gari la kuvuta majitaka mara mbili kwa mwaka: 200,000. Vitasa, koki, swichi na taa: 150,000. Na kwa kuwa chumba hukaa wazi mpangaji akihama, tukaweka miezi miwili ya chumba kimoja: 100,000. Jumla 762,000 kwa mwaka, sawa na 63,500 kila mwezi. Yaani kodi ya chumba kimoja na robo hivi si yetu, ni ya nyumba yenyewe.

Kuna wanaopendekeza njia ya mkato inayotumika sana Marekani: tenga asilimia moja ya thamani ya nyumba kila mwaka. Kwa mjini kwetu siiamini. Bei ya nyumba Dar es Salaam mara nyingi imebebwa na kiwanja, na kiwanja hakipati kutu. Bati ndilo linalopata. Hesabu vitu vyako, kimoja kimoja.

Najua jibu litakalokuja: "Kodi yenyewe haitoshi, nitenge nini?" Swali hilo aliniuliza hata mama. Nikamwambia, mama, pesa hiyo tutaitoa tu. Ama tunaitoa kidogo kidogo sisi wenyewe, ama tunaitoa siku moja kwa mkopeshaji, pamoja na riba yake. Kama baada ya kutenga hakibaki kitu, basi vyumba havikuwa vinatupa faida tangu mwanzo. Tulikuwa tunaila nyumba tukadhani tunakula kodi.

Mwingine atasema nyumba yake ni mpya. Vizuri sana, huo ndio wakati wa kuanza. Pampu mpya imeanza kuchakaa siku ilipowashwa. Na kwa kuwa kodi huja kwa mkupuo, fungu la matengenezo litoke siku hiyo hiyo, kabla ya mchango wa harusi, liwekwe kwenye akaunti isiyo na kadi. Mama alianza hivyo Julai ile. Pampu ilipokufa mwaka jana, fundi alilipwa kesho yake. Hakuna mpangaji aliyehama.

Kwa sisi wa mageto, hesabu hii inatuhusu hata kabla ya kujenga. Kabla hujatoa bumu lako kulipia miezi sita, muulize mwenye nyumba pampu ikifa nani analipa na kwa muda gani, kisha muombe aandike kwenye mkataba. Akikasirika kwa swali hilo, ujue fungu halipo.

Nami nikijenga siku moja, nitajenga. Ila chumba cha kwanza kupata mpangaji kitakuwa cha nyumba.