Kupewa Kiti Si Kupewa Kauli

Mshairi anayelumbana na mwenziwe anajua jambo ambalo wakubwa wa intaneti ama hawalijui, ama wanalijua na kulifumbia macho: heshima ya mlumbi imo katika kujibiwa. Shairi likipelekwa gazetini na hoja yake, akatokea mwengine akaijibu kwa vina vile vile na mizani ile ile, hapo pana malumbano. Likipigiwa makofi kisha likawekwa kando, hapo pana adabu tu, na adabu haijapata kumfungulia mtu mlango.

Hiyo ndiyo hali ya asasi za kiraia katika mabaraza ya dunia yanayozungumzia intaneti. Zilialikwa katika Mkutano wa Dunia wa Jamii ya Habari, Geneva, Desemba 2003. Zilipoona kwamba tamko la serikali halikubeba zile walizozidai, ziliandika tamko lao wenyewe. Awamu ya pili ilifanyika Tunis, Novemba 2005, na humo mafungu yakagawiwa: mamlaka ya sera yakawa haki ya dola, ufundi na uchumi vikawa vya makampuni, na asasi za kiraia zikaambiwa kwamba mchango wao ni muhimu, khasa katika ngazi ya jamii. Kwa Kiswahili cha barazani: wageni wa heshima, tafadhalini kaeni uani.

Kutoka Tunis likazaliwa Jukwaa la Usimamizi wa Intaneti, lililokutana kwa mara ya kwanza Athens mwaka 2006 na likafika Nairobi mwaka 2011. Ni kweli kwamba humo yeyote huweza kusema. Lakini jukwaa hilo halikupewa uwezo wa kumfunga mtu kwa neno lolote. Mwaka 2022 lilikutana Addis Ababa, ilhali sehemu kubwa ya Tigray, katika nchi hiyo hiyo, ilikuwa haina intaneti tangu Novemba 2020. Wajumbe walijadili namna ya kuwaunganisha watu wote na mtandao, na waliokatiwa hawakuweza hata kuwasikiliza.

Wapo wanaojibu kwamba serikali ndizo zilizochaguliwa, basi zitosheke kuwasemea raia. Asasi hizo zilichaguliwa na nani? Swali ni la haki, na lijibiwe kwa mfano wa karibu. Uganda ilizima intaneti Januari 2021 wakati wa uchaguzi. Tanzania ilizima tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kupiga kura, na siku zikapita kabla ya kuirejesha. Mzazi wa Unguja aliyekuwa akingoja neno la mwanawe aliyeko Muscat, na muuza samaki ambaye wateja wake wote wamo ndani ya simu, walikatiwa na mkono ule ule unaokwenda kuwasemea katika mikutano ya dunia. Aliyefunga mlango hawezi kuwa shahidi wa pekee wa waliofungiwa nje. Kwa ajili hiyo tu, hata pasingekuwa na sababu nyengine, mtu wa tatu anahitajika katika baraza hilo.

Tena si kweli kwamba mtu huyo wa tatu hana nguvu. Novemba 2019 shirika la Internet Society lilitangaza kwamba litaiuza taasisi inayoendesha anwani za .org, ambazo ndizo nyumba za asasi nyingi duniani, kwa kampuni ya uwekezaji ya Ethos Capital, kwa zaidi ya dola bilioni 1.1. Asasi zilipiga kelele, zikaandika barua, zikataka kujua ada zitapanda kiasi gani na nani atazuia anwani zisifungwe kwa amri ya wakubwa. Mwanasheria mkuu wa California naye akaandika kupinga. Tarehe 30 Aprili 2020 shirika la ICANN likakataa kuidhinisha mauzo hayo. Asasi zilishinda kwa sababu palikuwa na uamuzi wa kufanywa, na mwenye kuuamua alilazimika kutaja hoja zake hadharani. Penye wajibu wa kujibu, mnyonge ana silaha.

Hata hivyo lawama zisiishie ugenini. Umoja wa Afrika ulisikia Kiswahili mwaka 2004, rais wa Msumbiji, Joaquim Chissano, alipohutubia viongozi wenziwe kwa lugha hiyo mjini Addis Ababa. Lakini asasi ngapi za pwani hii, zikirudi kutoka Geneva au Kyoto, hueleza kwa Kiswahili zilichokisema huko na kwa niaba ya nani? Taarifa huandikwa kwa Kiingereza, hupelekwa kwa wafadhili, na mvuvi anayetajwa ndani yake hajui kwamba ametajwa. Mjumbe hauawi, ndiyo. Lakini mjumbe asiyepokea ujumbe kwa waliomtuma, wala asiyewarudishia jibu, huyo ni msafiri tu.

Basi yadaiwe mambo mawili. La kwanza, kila chombo cha dunia kinachokusanya maoni juu ya intaneti kieleze kwa maandishi kimekubali lipi, kimekataa lipi, na kwa sababu gani. La pili, kila asasi inayosema kwa jina la watu iwasikilize kwanza kwa lugha yao kabla ya kupanda ndege, na ikirudi iwasomee hesabu, barazani, mbele ya wanaoweza kuipinga.

Mwaka 2009 mkongo wa TEAMS ulilazwa baharini kutoka Fujairah hadi Mombasa, katika bahari ile ile ambayo majahazi yaliivuka kwa upepo wa kaskazi karne nyingi. Abiria wa jahazi alimjua nahodha wake, na chombo kikienda mrama alijua wa kumuuliza. Abiria wa mkongo huu naye anauliza: nani ameshika usukani, na kwa idhini ya nani? Amekwisha kutoa hoja yake. Makofi hayahitaji, anataka ajibiwe.