Paka wanne, beseni moja

Juma lililopita tuliahidi kuandika juu ya kuhifadhi unga wakati wa mvua. Kweli tutaanza na unga, lakini si kwa njia mliyoitazamia.

Mwezi uliopita, mama mmoja wa kundi letu anayekaa Kadutu, hapa Bukavu, alitufuata mwisho wa mkutano akatuomba shauri kwa sauti ya chini. Gunia lake la unga wa muhogo lilikuwa limekojolewa na paka, na haikuwa mara ya kwanza. Juma moja mbele ya pale ilikuwa godoro la watoto. Bwana yake alikwisha kusema neno lake: siku ya posho paka wote wanatiwa katika gunia na kuachwa mbali. Tena bibi wa mtoto wake, anayekaa nao, ana mimba ya miezi mitano, na majirani walikuwa wanamtisha kwamba paka watamharibia mtoto.

Tulikwenda kwake watatu, siku ya Alhamisi.

Wale wanaouliza kwa nini mtu afuge paka wanne hawajalala katika nyumba za kartie ile. Nyumba zimebanana mlimani, panya anapita chini ya bati la huyu na kuingia kwa yule. Paka jike alipofika, panya walipungua. Akazaa, wana wawili wakabaki. Wa nne alijileta mwenyewe usiku wa mvua, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumfukuza. Usiku mama anawafungia ndani wote, kwani paka anayetembea usiku pale si lazima arudi. Mchana wanatoka, lakini kwenda wapi? Parsele yote ni saruji na mawe. Udongo laini uko mahali pawili tu: katika bustani ya lengalenga ya jirani wa juu, na katika rundo la mchanga wa kujengea la jirani wa chini. Mnaona ugomvi ulikoanzia.

Beseni la paka lilikuwa moja, nyuma ya mlango wa jikoni. Mchanga wake ulikuwa umelowa, mzito kama matope. Mama akatuambia, “Tunasafisha kila Jumamosi.” Paka wanne, siku saba! Tulimwuliza kama yeye angekubali kuingia katika choo ambacho watu wanne wamekitumia juma zima bila mtu kumwaga maji. Alicheka, kiisha akanyamaza.

Lakini uchafu ulikuwa nusu ya jambo. Nusu nyingine tulionyeshwa na mtoto wa miaka tisa, ambaye kumbe alikuwa anajua yote na hakuna aliyemwuliza. Paka dume mkubwa, wanayemwita Kapita, kila jioni analala katika mlango wa jikoni. Hapigani na mtu. Anatazama tu. Tulikaa pale mpaka saa kumi na mbili, tukaona kwa macho yetu: yule paka mgeni alikuja, akamwona Kapita, akageuka, akaenda moja kwa moja nyuma ya magunia. Mama alikuwa anamchapa kila asubuhi, tena anamsukumiza pua katika mkojo. Paka hajifunzi kitu kwa njia hiyo isipokuwa kuogopa mkono wako na kujificha zaidi. Huyu hakuwa na kiburi. Alikuwa na haja, na njia imefungwa.

Wenye kujua paka wanasema: hesabu paka zako, weka beseni moja kwa kila mmoja, kiisha ongeza moja. Paka wanne, mabeseni matano. Katika nyumba ya vyumba viwili na sebule, watu walale wapi? Tulimwambia mama apate matatu, lakini ayasafishe asubuhi na jioni, na asiyapange mstari mmoja. Mabeseni mawili yaliyo bega kwa bega, kwa paka ni choo kimoja, maana mlinzi mmoja anatosha kuyafunga yote. Basi moja lilibaki jikoni, mbali na sahani ya chakula. La pili liliwekwa katika chumba cha wavulana chini ya dirisha. La tatu katika kibanda cha makala, ambacho kina mlango na tena tundu ubavuni, ili paka anayefuatwa apate pa kutokea.

Hakuna haja ya kununua kitu. Bidoni la litre 20 linalovuja, lilalishe, ukate ubavu wa juu wote, na upande mmoja ukate chini zaidi ili paka mzee aingie bila kuruka. Lainisha makali kwa kisu kilichotiwa motoni. Paka sharti aweze kugeuka ndani. Tia mchanga mkavu uliochungwa, kimo cha vidole vitatu. Vumbi ya mbao ya seremala inafaa pia, kama haina rangi wala vernisi. Majivu wamama wengi wanayapenda, sisi hatuyapendi: yakilowa yanachoma nyayo, paka anayatembeza nyumba nzima, na majivu ya makala yanaweza kuficha kaa la moto. Ukitaka kubadilisha kitu cha ndani, changanya kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kwani paka anashika desturi kuliko sisi. Mavi yanatupwa katika choo cha shimo, si katika mfereji unaoteremka ziwani.

Sasa tuungame kosa letu. Kwa haraka ya kusaidia, mmoja wetu alichukua chupa ya javeli akaimwaga palipokojolewa, bila kwanza kupanguza. Harufu iliinuka mpaka macho yakatoka machozi, na mwenye mimba alikuwa chumba cha pili. Tulifungua madirisha, tukamtoa nje, tukakaa naye mpaka hewa ikasafika. Hakuumia, lakini tulirudi nyumbani na haya. Javeli ikikutana na mkojo inatoa hewa mbaya ya kukaba kifua. Msifanye hivyo. Panguza mkojo kwanza kwa kitambaa, osha kwa maji na sabuni, kiisha pitisha vinegre iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, na godoro litolewe juani. Vinegre na javeli zisikutane kamwe, hewa yake ni mbaya vilevile. Harufu ikibaki hata kidogo, paka atarudi palepale. Na ule unga, mama alitaka kuchota wa juu atupe, wa chini apike. Tulikataa. Magunia yaliyobaki yaliinuliwa juu ya mbao, mbali na ukuta.

Juu ya mimba, majirani walikuwa na sehemu ya kweli. Kuna ugonjwa unaoitwa toksoplasmosi, mdudu wake anatoka katika mavi ya paka aliyekula panya au nyama mbichi, na unaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini mavi ya leo hayaambukizi leo. Mayai ya mdudu yanahitaji siku moja mpaka tano ndipo yawe na nguvu. Ndiyo maana beseni la kila Jumamosi lilikuwa hatari kubwa kuliko paka wenyewe. Mwenye mimba asiguse beseni, mwingine afanye kazi hiyo kila siku. Kama hakuna mwingine, avae mifuko mikononi na anawe kwa sabuni. Beseni lioshwe kwa maji yanayochemka, kwani javeli haiyaui mayai yale. Lakini ugonjwa huo unapita pia katika nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa vizuri, kwa hiyo lengalenga za jirani ambamo paka wamechimba zioshwe mara mbili. Tulimwomba binti alieleze jambo lote siku ya CPN, naye alifanya hivyo.

Bado Kapita. Alama juu ya ukuta wa sebule, kwenye kimo cha goti, zilikuwa zake. Anasimama, anageuzia ukuta mgongo, mkia unatetemeka, anarusha. Hiyo si kukosa choo, ni kuandika jina lake, na beseni hata kumi halitaiponya. Dawa ni kumhasi, nayo inasaidia madume wengi. Na mwenye dume aangalie jambo hili: akichuchumaa mara kwa mara, analia, mkojo hautoki, huo si ukaidi. Njia imeziba, na anaweza kufa katika siku mbili tatu. Mpelekeni kwa munganga wa mifugo siku ileile.

Siku ya posho ilifika, na gunia halikutoka. Bwana mwenyewe ndiye aliyekata bidoni la pili, akisema la kwanza tulilikata vibaya. (Ni kweli, lilikuwa limepinda.) Majuma matatu sasa, unga ni safi. Godoro lilipata mkojo mara moja tena, usiku ule wa mvua kubwa, kibanda cha makala kilipovuja na mchanga ukageuka ziwa. Jirani wa chini amefunika rundo lake kwa bashi. Jirani wa juu bado hajamsalimu mama vizuri, ingawa alipokea sambaza alizotumiwa. Kapita atapelekwa kwa munganga mwezi ujao, pesa zikitoka kwenye likelemba. Yule mgeni anapenda beseni la wavulana, na mtoto wa miaka tisa ndiye anayelisafisha. Amepewa jina la munganga, naye anaitika.

Juma lijalo, unga. Mara hii kweli.