Usinunue Intaneti Zaidi, Vuta Waya

Jumapili iliyopita rafiki yangu tuliyesoma naye chuoni alinipigia simu kulalamika. Amepandisha kifurushi cha intaneti nyumbani kwake kutoka megabiti 20 hadi 60, sasa analipa karibu maradufu kila mwezi, na bado mchezo unakwamakwama akicheza kutoka sebuleni ilhali kompyuta iko chumba cha kulala. Nikamuuliza ni nani alimshauri hivyo. "Jamaa wa huduma kwa wateja," akasema. Nilicheka kwanza, halafu nikakasirika, na hasira hiyo ndiyo unayoisoma hapa.

Jamani! Picha inayotoka chumbani kwenda sebuleni haitoki nje ya nyumba. Inafika kwa ruta na kugeuka. Unaweza kukata faiba kwa mkasi na mchezo ukaendelea kama kawaida (tafadhali usiikate, bibi yako atakuuliza). Kumuuzia mtu megabiti za nje kwa shida hiyo ni sawa na kumwambia apanue barabara ya Thika kwa sababu mlango wa jikoni umebana.

Mimi sikuingia katika mambo haya kwa hiari. Mtoto wetu alipozaliwa mashine yangu ilikuwa kando ya kitanda, na feni zake ukizisikia ungedhani ni posho mill. Mke wangu alivumilia wiki tatu. Kisha akasema, kwa ile sauti ya upole ambayo waliooa wanaijua, ama hiyo mashine ihame ama iuzwe. Nimeiunda kipande kwa kipande kwa miaka minne, kwa pesa za vibarua vya usiku. Sebule haina nafasi. Kilichobaki ni stoo, kati ya gunia la makaa na ndoo za maji. Nikajua kwamba mpango wa stoo usipofaulu, sina hoja nyingine.

Programu si tatizo tena. Zamani Nvidia walikuwa na GameStream yao, wakatangaza mwishoni mwa 2022 kwamba wanaiondoa, watu wakalia. Lakini Moonlight, ambayo iliandikwa na watu wa programu huria, ilikuwa ipo, na upande wa kompyuta inayochora kuna Sunshine, nayo ni huria. Hulipi hata senti. Sebuleni nimeweka kikompyuta kidogo cha ofisi, mtumba kutoka Luthuli Avenue, kilichounganishwa na skrini ya hezi 144. Kazi yake ni kufungua picha iliyobanwa tu, haina haja ya kuwa na nguvu.

Sasa nije kwa wale wanaosema hezi 120 kwa kuchezea mbali ni anasa. Hoja yao inasikika vizuri: picha tayari inachelewa njiani, kwa hivyo hizo fremu za ziada ni za nini? Mimi nasema ni kinyume kabisa. Kwenye hezi 60 fremu moja inakaa milisekunde 16.7. Kwenye 120 inakaa 8.3. Safari ya picha ina vituo: kadi ya michoro inachora, inabana, waya unabeba, kikompyuta kinafungua, kisha skrini inasubiri zamu ya kuonyesha. Baadhi ya vituo hivyo havihesabu milisekunde, vinahesabu fremu. Ukikosa zamu kwenye skrini ya hezi 60, unasubiri 16.7 nyingine. Kwenye 120 unasubiri nusu yake. Kwa hivyo anayecheza kutoka chumba kingine ndiye anayehitaji hezi nyingi kuliko aliyeketi mbele ya mashine, maana yule hana cha kufidia. Hata kama macho yako hayatofautishi (nadhani yanatofautisha, sogeza kipanya kwa duara uone), mkono utahisi.

Halafu Wi-Fi. Hapa ndipo nitapoteza marafiki. Nyumba yetu ni ya kupanga, ghorofa ya tatu, na nikiwasha simu naona ruta za majirani kumi na saba. Wi-Fi ni kama matatu yenye mlango mmoja: kila kifaa kinangoja kingine kitulie ndipo kiongee, na jirani aliye kwenye chaneli yako naye yumo foleni. Watu hunionyesha wastani, "ona, milisekunde 3 tu!" Wastani haukusaidii kitu. Fremu inatakiwa kila milisekunde 8.3, na ile moja iliyochelewa 40 ndiyo iliyokuua kwenye mchezo. Nikiwa mkweli, ukiwa chumba kimoja na ruta, kwenye bendi ya gigahezi 5, bila majirani wengi, inaweza kukufaa. Kwangu haikufaa hata usiku wa manane.

Basi nikanunua mita 20 za waya, shilingi 1,500, nikamwita fundi afunge vichwa. Kukawa na nafuu, ila si ile niliyotarajia. Siku mbili nilikuwa nabadilisha mipangilio ya Sunshine kama mjinga, mimi niliyekaa darasani miaka minne kwa ajili ya sayansi ya kompyuta, kabla sijaangalia swichi na kuona taa ya megabiti 100. Fundi alikuwa amefunga jozi mbili za nyaya badala ya nne. Gigabiti inataka zote nne.

Utaniuliza, kama picha yako ni megabiti 50 kwa sekunde, 100 hazitoshi? Zinatosha kubeba, lakini hazitoshi kuwahi. Gawanya megabiti 50 kwa fremu 120, kila fremu ni kama kilobiti 417. Kwenye waya wa 100 fremu hiyo inachukua milisekunde 4.2 kupita, yaani nusu ya muda wake wote imekaa njiani. Kwenye gigabiti ni 0.4. Hesabu hii ya darasa la saba haimo kwenye boksi la ruta yoyote ya "wachezaji" yenye antena nane na taa nyekundu.

Nilifunga vichwa upya mwenyewe. Waya unapita chini ya mlango na pembeni mwa ukuta, landilodi hajaona tundu hata moja. Jambo jingine dogo lililonisumbua: mashine ya stoo haina skrini, kwa hivyo nilichomeka plagi bandia ya HDMI ili kadi idhani ipo, na ile ya kwanza ilikuwa inajitangaza kama skrini ya hezi 60. Hapo hata ufanye nini hupati 120. Angalia kabla ya kununua.

Na wewe uliyeniandikia kwamba ninahangaika bure, nicheze tu kwa mashine za kukodi mtandaoni: tuseme mashine iko Johannesburg. Ni takriban kilomita 2,900 kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya faiba huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni milisekunde 29 kabla mtu yeyote hajachora chochote, na kebo zenyewe haziendi kwa mstari. Halafu siku mwenye duka akifunga, kama Google walivyoifunga Stadia Januari 2023, unabaki na nini? Yangu iko stoo. Ina vumbi la makaa, lakini ni yangu.

Rafiki yangu amerudisha kifurushi kuwa megabiti 20. Jumamosi anakuja kuazima koleo langu la kufungia vichwa.