Itifaki imezingatiwa, kitabu je?

KANDO YA ZIWA
Na Kabula Nestory, Busisi

Ukitaka kujua kama uzinduzi wa kitabu ulikuwa wa kitabu kweli, waombe waliohudhuria wakutajie mhusika mmoja. Watakutajia mgeni rasmi. Watakueleza alichelewa kwa saa ngapi, alinunua nakala ya kwanza kwa laki ngapi, na nani alikaa meza kuu bila kustahili. Pilau wataikumbuka. Mhusika hawamjui, kwa sababu tangu MC aliposema itifaki imezingatiwa mpaka viti vya plastiki vilipoanza kukusanywa, hakuna aliyemtaja.

Nimekaa kwenye hafla za namna hiyo Mwanza mjini, na sizibezi zote. Mwandishi wetu mara nyingi hujigharamia uchapaji mwenyewe. Lazima fedha yake irudi, na kama njia iliyopo ni mfanyabiashara fulani kujitutumua mbele ya kamera, basi na ajitutumue. Ugomvi wangu ni kwamba zinapita saa tatu, mwandishi anapewa dakika tano, na hizo tano anazimaliza kwa kushukuru: Mungu, wazazi, mwajiri, kamati ya maandalizi. Hasomi hata ukurasa mmoja. Watu wanarudi makwao na kitabu chenye sahihi ambacho hawajakisikia kinavyosema, wanakiweka kwenye kabati la sebuleni pamoja na glasi za wageni, na huko kitakaa.

Wasomaji wa safu hii huniuliza maswali mawili kila ninapogusa vitabu. Nisome nini? Na hao waandishi watakuja lini huku kwetu? Leo nitayajibu kwa pamoja, maana waandishi ninaotaka kuwataja wengi wao hawana haja ya kuja. Ni wa hapa hapa ziwani.

Naanza na Aniceti Kitereza, Mkerewe aliyezaliwa 1896. Alisoma seminari ya Rubya kule Kagera, upadri haukuwa wake, akarudi kisiwani kwao Ukerewe. Alipoona mila za wazee zinapotea, aliamua kuziandika, tena kwa Kikerewe, kwa njia ya hadithi. Aliimaliza mwaka 1945. Hapakuwa na mchapishaji wa kuchukua riwaya nene ya lugha inayosemwa na watu wa kisiwa kimoja na majirani zao wachache. Miaka ikapita, mzee akaanza upya kazi nzima na kuigeuza Kiswahili kwa mkono wake. Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, na uchapaji ukafanyika China. Nakala zilipofika nchini, mwaka 1981, mwenyewe alikuwa ameshafariki.

Hesabu hapo. Kutoka 1945 mpaka 1981 ni miaka 36. Huyu hakupata uzinduzi wala mgeni rasmi. Hakukishika hata kitabu chenyewe.

Kitabu kinaitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, na kina kurasa zaidi ya 600. Kisa chake ni chepesi kukieleza. Mume na mke wanapendana, mtoto hapatikani. Ndugu wa mume wanamsimanga mke mpaka wazazi wake wanakuja kumchukua binti yao. Myombekere angeweza kuoa mwingine, na kila mtu anamwambia aoe. Hataki. Anafunga safari kwenda ukweni kumwomba mke wake, na wakwe wanamtoza pombe ya ndizi. Hapo Kitereza hakuharakishi hata kidogo. Utajua ndizi zinavyoivishwa, zinavyokamuliwa, nani anasaidia, nani anaonja kabla ya wakati wake. Utajua watu wanavyosalimiana njiani, dawa inavyochimbwa, mtumbwi unavyotengenezwa. Wapo wasiolivumilia hilo. Mimi pia kuna kurasa nimeziruka, na Kiswahili chake kina uzito wa Kikerewe unaokulazimisha kurudia sentensi. Lakini sijui riwaya nyingine ya Kiswahili inayomheshimu mwanamke asiye na mtoto kiasi hiki, na aliyeiandika ni mtu ambaye watoto wake mwenyewe walimtangulia kaburini.

Niliwahi kuisoma sehemu hiyo ya ukweni kwa sauti mbele ya kikundi chetu cha vikoba hapa Busisi, tukingoja wachelewaji. Nilikusudia kurasa mbili. Kufika katikati kina mama walikuwa wamegawanyika: wengine wanasema wazazi wa Bugonoka walifanya sawa, binti hasimangwi kwa jambo lililo nje ya uwezo wake, wengine wanasema ndoa haivunjwi na maneno ya mawifi. Mweka hazina aliacha kuhesabu hisa akaingia kwenye mabishano. Nilipofunga kitabu, binti mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza, "Shangazi, huyo Myombekere hana mdogo wake?"

Sijawahi kusikia swali zuri kama hilo kwenye uzinduzi wowote.

Wa pili mnamjua kwa jina hata kama hamjamsoma. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, tarehe 13 Aprili 1944, akapita Seminari ya Nyegezi hapo hapo Mwanza, na yeye pia hakuishia kwenye upadri. (Sijui seminari zetu ziliwapa nini vijana wa Ukerewe, ila ziliipa nchi waandishi.) Rosa Mistika ilitoka 1971 akiwa kijana mbichi kabisa kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ikapigwa marufuku shuleni kwa kuwa ilizungumza waziwazi habari za mwili, kisha baadaye ikaingizwa kwenye orodha ya vitabu vya shule. Ndivyo tulivyo.

Waliosoma Rosa Mistika kwa ajili ya mtihani wanakumbuka "maudhui" na "dhamira", na mwalimu aliwaambia kwamba inafundisha wasichana wasiwe malaya. Irudieni mkiwa watu wazima. Mtaona kwamba anayeshitakiwa pale ni Zakaria, baba mlevi anayempiga bintiye vibaya kwa sababu ya barua ya kijana, kisha anamfungia mpaka binti hajui hata kuongea na mwanamume. Akitoka nje ya mkono wa baba, hana silaha. Mimi naamini kitabu kile kinapaswa kusomwa na akina baba, tena wa huku kwetu ambako bado tunapima malezi kwa ukali.

Kwa wazee waliohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, nawapendekezea Gamba la Nyoka ya 1979. Vijana wasomi wanarudi kijijini kando ya ziwa kuwafundisha watu ujamaa, na wanakuta watu wana maswali. Dunia Uwanja wa Fujo, ya 1975, ni ya wafanyabiashara: Tumaini anatapanya urithi, anainuka tena na kuwa tajiri, na Azimio la Arusha linamkuta mlangoni kwake. Nagona na Mzingile msianze navyo. Ni vyembamba, vinavutia mkono, lakini vinamtaka msomaji aliyekwisha kumzoea huyu bwana. Kezilahabi alifundisha miaka yake ya mwisho ya kazi Botswana, akafariki Januari 2020.

Kuna Mkerewe wa tatu, Gabriel Ruhumbika, aliyeandika Village in Uhuru kwa Kiingereza mwaka 1969, kisha akarudi kwenye Kiswahili na kutupa Miradi Bubu ya Wazalendo. Ni habari ya watu wadogo walioamini uhuru na wakubwa walioula. Ukikisoma leo utadhani kimeandikwa wiki iliyopita. Ni yeye pia aliyekitafsiri kitabu cha Kitereza kwa Kiingereza, kikatolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2002. Nimewahi kukutana na hicho cha Kiingereza madukani mara nyingi kuliko cha Kiswahili, na hilo linaniuma.

Ziwa lisitufungie macho, lakini. Msomaji anayetaka sauti ya mwanamke atafute Mungu Hakopeshwa ya Zainab Alwi Baharoon wa Zanzibar, iliyopata tuzo ya Mabati Cornell mwaka 2018. Na waliosikia Abdulrazak Gurnah ameshinda Nobel mwaka 2021 wakadhani ni ya wanaojua Kiingereza tu, Ida Hadjivayanis ameshaitafsiri Paradise, inaitwa Peponi, imetoka 2022. Isomeni mkumbuke kwamba misafara ile ya pwani ilikuwa inakuja bara, kwetu.

Sasa hilo la waandishi kuja.

Zamani kulikuwa na sababu. Mwalikwa kutoka Mwanza alifika Kigongo, ng'ambo yetu, akaangalia foleni ya magari, akapiga simu kusema kivuko kimemchelewesha, na sote tukamwelewa maana sote tulikaa kwenye foleni ile. Nakiri kuna kitu ninakikosa: abiria waliokwama ni wasomaji, na nimeona magazeti na vitabu vya kupeana vikizunguka kwenye mabenchi ya kivuko kuliko kwenye nyumba zetu. Lakini tangu tarehe 19 Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa, kilomita tatu za maji zinavukwa kwa dakika chache. Mwandishi anaweza kula chakula cha mchana Mwanza, akasoma Busisi jioni, akalala kwake. Asiyekuja sasa hatuwezi kulisingizia ziwa. Ama hajaalikwa, au amealikwa na watu wanaofikiri kwamba bila ukumbi, turubai na mgeni rasmi hakuna tukio.

Mimi nawaza hivi. Hapa mwaloni kuna wanaume na wanawake wengi wanaoishi kwa dagaa, na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haivuti samaki, watu hawaingii ziwani. Siku hizo wapo nchi kavu, jioni ni ndefu, na kinachowangoja ni vibanda vya pombe na televisheni ya mpira. Usiku wa kusoma uwekwe hapo. Uende na mwezi, usiende na ratiba ya mkuu yeyote. Mtu mmoja asimame na kitabu na taa ya sola, asome dakika ishirini. Kisha watu wabishane. Mwandishi akiwepo, akae chini kama wengine na asikilize wanavyomkosea, atajifunza zaidi kuliko kwenye meza kuu. Mwandishi akiwa marehemu kama Kitereza, asomewe na mtu wa kwao.

Gharama yake ni nakala moja ya kitabu. Hata hiyo inaweza kuazimwa kutoka Maktaba ya Mkoa pale mjini, kwa atakayejisumbua kujiandikisha. Maduka yetu ya steshenari msiyategemee. Yanauza daftari, mitihani iliyopita na Biblia, na siyalaumu, yanauza kinachoulizwa. Kiulizeni kitabu cha Kitereza mara kadhaa muone kama hakitaagizwa.

Wapo watakaoniambia tuzo zipo. Kweli, tangu 2023 serikali, kupitia Taasisi ya Elimu Tanzania, inatoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na washindi wanapewa fedha na kazi zao kuchapishwa. Ni jambo kubwa, laiti Kitereza angelipata. Hutolewa tarehe 13 Aprili, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu, na sherehe niliyoifuatilia ilifanyika Dar es Salaam kwa itifaki zake zote. Sijasikia mtu akikumbuka pale kwamba tarehe hiyo hiyo alizaliwa mtoto Namagondo aliyekuja kubadilisha riwaya ya Kiswahili. Kwa hiyo Dar wabaki na sherehe yao, na sisi tuwashe taa yetu usiku huohuo. Watu wa Nansio, huko Ukerewe, wakitaka kutangulia, watangulie, haki ni yao. Tukishindwana nani aanze, wao wasome Rosa Mistika, sisi tusome safari ya Myombekere kwenda ukweni.

Tatizo moja nimeliona tayari. Tarehe 13 Aprili haitaangukia mbalamwezi kila mwaka, na mwezi ukiwa giza wavuvi wote watakuwa majini. Ikitokea hivyo tusogeze mbele mpaka warudi; Mwalimu hatachukia. Ninachohitaji kwa sasa ni Mkerewe mzee kidogo, wa Busisi au Sengerema, anayekumbuka namna ya kutamka majina ya zile dawa kwenye kitabu cha Kitereza. Mimi Msukuma nimeyajaribu mbele ya kina mama wa vikoba na walinicheka.